Mamba Saba Ndani ya Kanta

Mamba wa kwanza aliyepata kukaribiana na Bilali alikuwa amefungwa waya shingoni, na watu wa Musonoi, mtaa wa wachimbaji mjini Kolwezi, walikuwa wakimrushia mawe. Alikuwa mdogo tu. Ungemlaza kitandani, mkia wake usingefika mwisho. Mvua za Januari ziliupandisha mto hadi kwenye mashimo ya wachimbaji, na maji yaliporudi mtoni yeye akabaki chini ya shimo, katikati ya tope na viroba vilivyochanika. Wachimbaji wakamvuta juu kwa waya wa umeme kama watu wanavyovuta ndoo kisimani.

Bilali alikuwa anatoka kumpelekea mteja mifuko ya unga. Alikuta njia imeziba. Akapiga honi, hakuna aliyesogea, akashuka kwenye Kanta yake, lori dogo kuukuu, akiwa amekwisha kunja uso, tayari kumtukana wa kwanza atakayemkuta. Wa kwanza alikuwa baba mmoja mwenye mabega mapana, ameinua sululu juu ya kichwa cha mamba.

"Alikula mutu?" Bilali akauliza.

"Ni ngandu, tata," yule baba akajibu. Ndivyo wengi wa huko wanavyomwita mamba, na mzee wanamwita tata.

"Sijauliza jina yake. Nauliza kama alikula mutu."

"Bado."

"Basi unamuua juu ya zambi ya kesho?"

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomwokoa mamba, maana mwenye sululu aliona haya akaishusha. Bilali akavua koti lake, akalitupa juu ya macho ya mnyama, akamkumbatia kiunoni na kumweka kwenye bodi ya nyuma ya gari, katikati ya mifuko mitupu. Baadaye watu walipomsifu kwa huruma aliwakatiza. Hakuwa na huruma yoyote siku ile, alisema. Aliwakasirikia watu, na mamba ndiye aliyekuwa karibu na mkono.

Alikuwa na miaka sitini na miwili. Babu zake walitoka Kasongo, kule Maniema, wakafika Katanga na biashara ya nguo na chumvi. Baba yake aliendesha magari, na yeye akaendesha magari. Kwa miaka ishirini na miwili alibeba asidi kutoka mpakani Kasumbalesa hadi viwanda vya Kolwezi, ile asidi inayotumika kuyeyusha mawe ili shaba na kobalti zitoke. Kifua kilipoanza kumbana, wenye magari walimshika mkono, wakampa kofia yenye jina la kampuni, wakamwambia akapumzike. Tangu hapo alikuwa anafoka. Aliifokea redio, aliwafokea kuku, aliwafokea majirani waliotupa maji machafu njiani. Mke wake Sikudhani alimwambia mara nyingi kwamba hasira ni hasara, na hakuna methali aliyoichukia Bilali kama hiyo. "Hasara nilishapata," alikuwa anajibu. "Hii kasirani njo faida yangu."

Kimbilio la mamba lilikuwa nje ya mji, upande wa njia ya Mutshatsha, kando ya kijito kiitwacho Kansenga. Shirika moja dogo lililianzisha ili mamba wanaonaswa kwenye mashimo na nyavu wasiuawe. Kulikuwa na mabwawa matano yaliyochimbwa ardhini, uzio wa waya, kibanda, na mkurugenzi aliyeitwa Gracien, mtu wa sauti ya upole, mwenye viatu visivyopata tope hata wakati wa mvua. Gracien alimpokea mamba wa Musonoi kwa furaha. Kisha akamtazama Bilali, akaitazama na Kanta.

"Hapa hatulipe mutu, tata," akasema. "Lakini mwenye roho ya kusaidia, mulango iko wazi."

Bilali alimsimulia mke wake jambo hilo kwa dharau. Sikudhani, aliyekuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Baba Nafisa, nenda," akasema. "Kama ni kufoka, ufokee bale ngandu. Ngozi yabo iko nguvu."

Akaenda. Mwanzo ilikuwa mara tatu kwa juma, halafu kila siku. Asubuhi alipita sokoni kukusanya matumbo ya kuku na vichwa vya samaki ambavyo wauzaji walimwachia, akavipeleka vikiwa bado vinanuka ubichi. Alisugua mabwawa, alishona uzio, alijifunza kumkaribia mamba kutoka nyuma ya bega ambako haoni vizuri. Mamba walikuwa kumi na mmoja. Mkubwa wao alikuwa jike mwenye urefu wa mlango wa nyumba. Yule wa Musonoi alibaki na alama ya waya shingoni, wakamwita Waya.

Aliyempa Waya jina hilo alikuwa Ntumba, mjitolea mwenzake. Baba yake Ntumba aliletwa kutoka Kasai zamani kufanya kazi kwenye migodi, na yeye mwenyewe alifanya kazi miaka thelathini katika maabara ya kampuni ya zamani, akipima maji na mawe. Sasa alikuwa mjane na watoto wake walikuwa Lubumbashi. Alisema alikuja kwa mamba kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa kimya mno. Alikuwa na ulimi mkali, na Bilali hakuwahi kumshinda hata siku moja. Wakigombana kuhusu ufagio, ufagio ulibaki mkononi mwa Ntumba.

Baada ya swala ya alasiri Bilali alikuwa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwatazama mamba wakiwa wamelala juani, midomo wazi. Hawakumshukuru kwa chakula, hawakumpa mkono, hawakumpa kofia. Hapo alikuwa anakaa saa nzima bila kukasirika, na Sikudhani nyumbani aliyaona mabadiliko akanyamaza asiyaharibu.

Halafu kampuni moja ya kigeni ikajenga kiwanda kipya juu ya kilima, huko kinakotoka kijito cha Kansenga. Kampuni ilikuja na zawadi. Walileta jozi kumi za buti, na bango kubwa lililosimamishwa mlangoni, lenye picha ndogo ya mamba na jina kubwa la kampuni. Gracien alitoa hotuba. Bilali alisimama nyuma akalitazama bango, kisha akazitazama buti, na hakuvaa.

Mwezi wa tisa, mwisho wa kiangazi, maji ya kijito yalipokuwa machache, asubuhi moja Bilali alifika akasimama kabla ya kufungua mlango. Kulikuwa na kitu kinachochoma ndani ya pua hata kabla ya kunuka. Alikuwa ameishi na kitu hicho miaka ishirini na miwili. Kilikuwa kwenye mashati yake, kwenye mto wake wa kulalia, Sikudhani alikuwa anakifua na hakitoki. Akaenda mbio hadi mabwawani. Mamba wote walikuwa nje ya maji, wamebanana kwenye ukingo mkavu kama ng'ombe wanaokwepa moto. Povu la manjano lilikuwa linazunguka polepole pale maji yanapoingia.

Ntumba alitoa kwenye mkoba wake vipande vya karatasi vya kupimia maji ambavyo alivihifadhi tangu enzi za maabara. Akachovya kimoja. Kikawa chekundu.

"Iko acide?" Bilali akauliza, ingawa alijua.

"Weye unauliza mi?" Ntumba akasema. "Weye ulibebaka iyi kitu maisha yako yote."

Waliziba mfereji ulioleta maji kutoka kijitoni kwa viroba vya mchanga, lakini mabwawa yalikwisha kujaa. Walibeba maji ya kisima kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, ishirini, thelathini, hadi Bilali akashindwa kuvuta pumzi. Hayakutosha. Macho ya mamba yalianza kuwa na ukungu mweupe. Ngozi ya matumbo yao, ile laini, ikawa nyekundu kama ya mtu aliyemwagikiwa na chai ya moto. Jumanne akafa wa kwanza. Ijumaa wakafa wawili.

Gracien aliwaambia wasipige kelele. "Nitasema na bale ba kampuni," akasema. "Ni marafiki yetu. Bitu bya namna iyi binamalizika kwa upole."

Bilali hakungoja upole. Alikwenda kwenye ofisi ya mazingira mjini, mbele ya mkuu mmoja, shefu aitwaye Ngeleka, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Ngeleka alimsikiliza, akasema jambo hilo ni zito, lakini ili kwenda kuona lazima kuwe na karatasi ya safari. Bilali alirudi baada ya siku nne. Karatasi ilikuwepo, gari halikuwepo. Akarudi mara ya tatu.

"Kanta yangu iko pale inje," Bilali akasema. "Panda. Nitakurudisha mbele ya saa sita."

"Tata, mi sipande gari ya mulalamikaji," Ngeleka akajibu, na wala hakuwa na ubaya usoni. "Haiko sheria. Gari yetu ikitengenezwa, tutakuja kuona."

Bilali alitoka akapanda Kanta. Alipofika kimbilioni alikuta mamba wa nne amekufa, na Gracien anamngoja kibandani na karatasi mezani.

Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, ukurasa mzima, na mihuri miwili chini. Ntumba aliichukua akaisoma kimya hadi mwisho, akaiweka mezani taratibu.

"Inasema nini?" Bilali akauliza.

"Inasema ngandu balikufa juu ya chakula. Wajitolea, kwa kukosa elimu, balibapatia matumbo ya kuku yenye kuoza. Pa chini kuko jina yako na yangu, na pa kutia sinyature."

Bilali alimgeukia Gracien. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hasira ilimjia bila sauti. Aliona tu viatu vya yule mtu, safi, vimepangwa sambamba chini ya meza.

"Weye uliona matumbo yao," akasema polepole. "Uliona macho."

"Tata Bilali, elewa. Kampuni inakubali kujenga mabwawa mapya, ya simiti, na pompi. Inaomba tu isisemwe vibaya. Weye hauna mushahara hapa wa kupoteza. Hii karatasi haitakufanya kitu. Mi nafikiria ngandu wenye kubakia."

"Na maji itatoka wapi, ya ile pompi?"

Gracien akainyoosha karatasi mezani.

"Nauliza. Pompi itavuta maji wapi?"

"Kwa kijito," Gracien akasema.

Ntumba alichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake. Gracien alisema ni mali ya ofisi. Ntumba alimjibu kwamba jina lake lilikuwa juu yake, kwa hiyo ni mali yake pia. Wakatoka.

Kesho yake asubuhi Gracien alikuwa amekwenda Lubumbashi kwa mkutano. Bilali alifika saa moja na turubai, viroba vilivyolowa, na mipira ya ndani ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu. Mlinzi, mtu wa makamo aitwaye Dady, alimtazama akishusha vitu vyote hivyo.

"Tata, unaenda kufanya nini?"

"Kuhamisha."

Dady alifikiri. "Bakiniuliza, nitasema mulinitisha na ngandu," akasema, akaenda kushika mkia wa mamba wa kwanza.

Iliwachukua hadi saa nne. Kumfumba mamba mdomo si kazi, nguvu yake yote iko kwenye kuuma, kuufungua mdomo hana nguvu. Mpira wa baiskeli unatosha. Kazi ni mkia. Ntumba alikuwa anatupa kiroba kilicholowa juu ya macho, Bilali analala juu ya mabega, Dady anabeba nyuma. Walikuwa saba waliobaki. Jike mkubwa alimpiga Bilali pajani kwa mkia hadi akaanguka chini kwenye tope, na alipoinuka alikuwa anamtukana mnyama, kampuni, Gracien, na waliochora bango, wote kwa pumzi moja. Waya alikuwa wa mwisho. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe kama maziwa. Hakupigana hata kidogo, na hilo lilimkasirisha Bilali kuliko ule mkia.

Walikwenda kaskazini, kuelekea ziwa la Nzilo. Bilali aliendesha polepole ili maji ya kwenye viroba yasikauke. Njiani, bila kuulizwa, alianza kusema.

"Mwaka moja, pa daraja, valvu ya tanki yangu ilipasuka. Acide ilimwangika ndani ya mto. Nilipigia shefu telefone. Akasema, mwangia maji juu, endelea na safari. Nikamwangia, nikaendelea. Chini ya daraja kulikuwa wamama banafua nguo."

Ntumba alikuwa anatazama mbele.

"Balipata nini?" akauliza.

"Sijue. Sikurudia kuangalia."

"Ulifanya vibaya," Ntumba akasema.

"Najua."

"Basi endesha."

Kwenye kambi ya wavuvi walipokelewa na mwanamke aitwaye Jeanne, ambaye wauza samaki wa pale walimchagua awasemee. Alikuja akijifuta mikono yenye magamba kwenye kitenge. Alipoona kilichomo chini ya turubai alirudi nyuma hatua mbili, akaita, na mume wake akatoka kibandani. Mkono wa kushoto wa mume uliishia kwenye kiwiko.

"Angalia huyu," Jeanne akasema. "Mukono yake iko ndani ya tumbo ya ngandu wa hapa hapa. Na weye unatuletea saba."

"Hawa hawajauma mutu," Bilali akasema. "Baliunguzwa. Kiwanda iliunguza maji yabo. Banatafuta maji safi tu."

"Na siye tunatafuta nini?"

"Mama, ziwa ni kubwa."

"Ziwa ni kubwa, na siye tunaingia ndani mbele ya jua kutoka, na miguu." Jeanne hakuwa anapiga kelele. "Nikuulize, tata. Juu ya nini hukuwapeleka kwa mulango ya ile kiwanda? Juu kule kuko mulinzi na bunduki. Hapa hakuna mulinzi, njo maana unakuja kwetu. Weye na bale ba kampuni, mwote munamwanga mashida yenu pa batu benye hawana mulango."

Bilali alikuwa amekuja na hasira ya kutosha kuchoma kambi nzima, na mbele yake alisimama mtu mwenye hasira kubwa kuliko yake, na yenye haki kuliko yake. Alimtazama yule mume, akautazama mkono uliokatika, akainamisha kichwa.

"Unasema kweli," akasema.

Ntumba ndiye aliyeuliza kama wao wameona lolote kwenye maji. Jeanne akasema kwamba tangu wiki mbili zilizopita, pale kijito cha Kansenga kinapoingia ziwani, samaki wanaelea matumbo juu, na wanawake wanaotia miguu pale wanatoka na vidonda. Walifikiri ni uchawi wa mtu. Ntumba akamwonyesha karatasi zake, akamweleza. Jeanne akazishika, akazigeuza, akazirudisha. Akaingia kibandani, akarudi na bidoni ya maji ya pale mdomoni mwa kijito na ndoo ya samaki waliooza, akavipandisha mwenyewe kwenye Kanta, pembeni ya mamba, bila kuogopa tena.

"Peleka byote kwa bale benye banakulaka mushahara juu ya kulinda mayi," akasema. "Mi nakuja pia."

Hivyo saa nane mchana Kanta ya Bilali iliingia kwenye kiwanja cha ofisi ya mazingira, ikasimama mbele ya ngazi, na Bilali akashusha mlango wa nyuma. Makarani walitoka, kisha wakarudi ndani haraka. Watu wa barabarani walijaa kwenye uzio, waendesha pikipiki wakapanda juu ya viti vya pikipiki zao ili waone. Ngeleka akatokea mlangoni, kalamu tatu mfukoni.

"Tata, unafanya nini hapa?"

"Ulisema hauna gari ya kuenda kuona," Bilali akasema. "Nimekuletea."

Ngeleka alisema ataita polisi. Polisi alikuja, mmoja, akachungulia nyuma ya Kanta, akaamua kwamba kazi yake ilikuwa kulinda lango. Jike mkubwa alipiga mkia kwenye bati na kiwanja chote kikarudi nyuma.

"Ondoa hii gari," Ngeleka akasema.

"Niondoe niende wapi? Niandikie. Andika pa karatasi: Bilali, peleka hawa ngandu mahali fulani. Nitaenda sasa hivi." Sauti yake ilianza kupanda, na safari hii hakuizuia. "Mara tatu nilikuja hapa na kofia mukononi. Karatasi hakuna, gari hakuna, sheria hairuhusu. Lakini acide yenyewe haikungoja karatasi. Iko ndani ya kijito, iko ndani ya ziwa, iko pa miguu ya bibi za batu. Shuka, shefu. Shuka uangalie macho ya huyu mudogo. Ukishaangalia unifunge."

Ngeleka hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba mambo hayafiki hadi kwenye ngazi yake. Alishuka. Bilali akaondoa kiroba, na Ngeleka akamtazama Waya kwa karibu. Ntumba akachovya karatasi kwenye bidoni ya Jeanne mbele ya macho yake, akamwekea kiganjani. Jeanne akaweka ndoo ya samaki juu ya ngazi, ikanuka hadi ndani ya maofisi.

"Na huyu mama?" Ngeleka akauliza.

"Mi ni mushahidi," Jeanne akasema. "Andika jina."

Aliandika. Alikaa kwenye ngazi kwa sababu hakuna aliyetaka kuingia ndani, akaandika kurasa tatu, na Ntumba akasoma kila moja kabla haijatiwa sahihi, akamrudisha kwenye mistari miwili aliyoilainisha. Kisha likabaki swali la mahali. Karani mmoja mzee alikumbuka pisini, bwawa la kuogelea la klabu ya wafanyakazi wa zamani, lililokauka miaka mingi, majani yameota kwenye nyufa. Ngeleka akatia muhuri kibali cha kuwaweka pale "kwa muda". Bilali hakuwasha gari hadi wino ulipokauka.

Maji ya kwanza yaliletwa na magari mawili ya maji ambayo Bilali aliyaomba kwa wasafirishaji aliowajua tangu ujana, watu wa Kasongo kama yeye. Waya alikufa siku ya tatu, sehemu isiyo na kina, kichwa juu ya ngazi za pisini. Wengine sita waliishi. Jike mkubwa anaona kwa jicho moja.

Gracien alimshitaki Bilali kwa wizi wa wanyama wanaolindwa na sheria. Bilali aliitwa kwenye parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, akalala kasho, yaani mahabusu, siku mbili, Sikudhani akamletea chakula na hakutaja methali yoyote. Alimwambia tu, "Ulifanya muzuri, baba Nafisa. Kula." Hakimu alipoona kibali chenye muhuri, na ile karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye mkoba wa Ntumba, alimwachia aende nyumbani, lakini faili hakulifunga. Liko mpaka leo. Gracien bado ni mkurugenzi wa kimbilio, bango bado limesimama mlangoni, na mabwawa matano ni makavu.

Ripoti ya Ngeleka ilitumwa Kinshasa. Kampuni ilitoa tangazo kwamba inaheshimu mazingira. Wanawake wa kambi ya Jeanne walipata mwanasheria, na wao wamekataa kusaini lolote lisilosomwa kwa sauti mbele yao kwa Kiswahili.

Mwaka uliofuata mtu wa redio alifika pisini akamkuta Bilali anasugua ukuta kwa brashi. Akamuuliza kama sasa amefurahi, kwa kuwa mamba wameokoka.

"Furaha?" Bilali akasema. "Ngandu sita ndani ya pisini ya simiti, unaita iyi kuokoka? Andika kama niko na kasirani. Andika siku na saa." Akaendelea kusugua, na mtu wa redio akangoja kidogo, kisha akaondoka.

Kila Alhamisi anampeleka Ntumba Kansenga. Ntumba anashuka kwenye mawe, anachovya karatasi, anaiinua juu ili Bilali aione kutoka kwenye usukani. Kuna wiki inakuwa ya manjano, asidi imepungua. Wiki nyingi bado ni nyekundu. Juzi ilikuwa nyekundu. Bilali aliwasha gari kabla Ntumba hajafunga mlango wake vizuri, akaikata kona ya kwanza kwa kasi hadi bidoni zikagongana nyuma.

"Pole pole, tata Bilali," Ntumba akasema, akiwa ameshika dirisha. "Tutakuwa na haja ya hii gari wiki ijayo."

Akapunguza mwendo, kidogo.